Lugha ya Midomo

Mama yake alifuma pamba miaka ishirini na tisa
katika kiwanda ambacho sasa kinauza mazulia.
Mitambo mia nne ikinguruma kwa pamoja,
nani angesikia sauti ya mwenziwe?
Basi wanawake wa Padiham walisemezana kwa midomo,
kila silabi wakiitandaza kama shuka kitandani.
Hata nyumbani, mezani, mama alisahau kutoa sauti.
Clifford alijua kusoma uso kabla ya kusoma kitabu.

Haya sikuyapata mimbarini.
Mimbarini Mchungaji Ormerod si hodari:
hukohoa, hupoteza ukurasa, huomba radhi,
na mzee Haydock wa benchi la nyuma hulala kwa haki yake.
Niliyapata siku boila la kanisa lilipozima,
yeye chali sakafuni, tochi mdomoni,
akinyoosha mkono nimpe spana.

Kabla ya joho alikuwa fundi wa gesi.
Januari moja alimaliza kazi kwa mjane,
akafunga sanduku la vifaa, akaandika risiti.
Mama yule akasema: keti, niombee,
leo hajaja mtu mwingine.
Clifford hakujua sala.
Aliyoikumbuka ni ile ya chakula, ya utotoni.
Akaisema yote, hadi shukrani kwa mkate,
na meza haina hata kikombe.
Mjane akaitikia amina, akamlipa, akamfungulia mlango.
"Nilikaa ndani ya gari saa nzima," aliniambia,
"halafu nikaenda kazi iliyofuata. Bomba lilikuwa linavuja."

Sasa ana makanisa matano na gari moja bovu.
Sabden wamebaki kumi na mmoja.
Higham wanabishana kuhusu mapazia.

Kwetu Ribe yapo makaburi
ya vijana waliotuletea kitabu cha nyimbo;
homa iliwaondoa hata hawajajifunza kutuamkia.
Walitoka huku, kwenye mvua hii nyembamba isiyokata tamaa.
Nami nimetoka kule, zamu ya usiku,
nawaogesha wajukuu wa ndugu zao.

Usiku Bibi Edna Pickup alipokuwa anaondoka
nilimpigia Mchungaji saa nane na robo.
Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia.
Kifaa cha masikio cha bibi kilikuwa ndani ya glasi,
hakutaka tena kuvalishwa.
Mchungaji hakufungua kitabu.
Alisogeza kiti hadi taa ikamwangaza usoni,
akaanza kusema bila sauti,
taya likifunguka, midomo ikienda mbali na kurudi,
na bibi, mfumaji tangu miaka kumi na minne,
akamjibu vilevile.
Nilisimama mlangoni na kipimajoto mkononi.
Nimelelewa kwenye maombi ya kutikisa mabati.
Haya niliyaona tu.
Mahali fulani walicheka, wote wawili, kimya kabisa,
na sijawahi kumuuliza walicheka nini.

Agosti Mkutano ukamhamisha.
Ndiyo desturi ya Wamethodisti: mchungaji haoti mizizi.
Aliniachia spana na daftari la boila,
mwandiko wake umelowa mafuta:
*Valvu ya pili ni kaidi. Usiilazimishe. Ibembeleze.*

Siku ya kuondoka mvua ilikuwa imepamba moto,
kama tunavyosema sisi; yeye angesema imelowesha.
Vioo vya gari vilikuwa juu.
Akanigeukia, akasema jambo refu kwa midomo.
Nilishika neno moja, pengine mawili.
Nikapanua yangu, nikamjibu kwa Kirihe,
lugha ambayo hajawahi kuisikia.
Akaitikia kwa kichwa,
akawasha waipa, akaenda.